Uzi wa Taa ya Kijani

Katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi palibandikwa ukutani maneno ya rangi ya machungwa: HARAKA YETU INA BARAKA. Aliyeyabandika ni mkuu wetu wa kanda, mtu aliyeletwa kutoka Dar es Salaam kuja kutufundisha sisi watu wa Bagamoyo maana ya kasi. Siku aliyofika alitukuta tunakunywa chai na vitumbua, akatutazama kama mtu aliyekuta nyumba inaungua na wenyewe wamekaa wanaota moto. Kuanzia hapo chai ikapigwa marufuku. Yetu, maana yake. Ya kwake iliendelea kuletwa kwenye chupa, na vitumbua vikageuka kuwa sambusa.

Mimi ni fundi wa kuunga mkonga. Mkonga ni waya usio na shaba wala chuma ndani, una nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ndani ya nyuzi hizo unapita mwanga, na juu ya mwanga huo hupita mikutano ya wakubwa, mapenzi ya wadogo, na umbea wa wote. Mkonga ukikatwa, kazi yangu ni kuzitafuta ncha, kuzisafisha, kuzikutanisha mbili mbili ndani ya mashine ndogo inayoziyeyusha zikawa kitu kimoja. Ni kazi ya kuinama na kunyamaza. Kuinama naweza.

Kampuni ilikuwa inatangaza kila mahali kwamba hitilafu ikitokea, huduma inarudi haraka kuliko kampuni nyingine yoyote. Na ilikuwa na namna ya kulipima jambo hilo. Makao makuu palikuwa na kioo kikubwa chenye taa za kanda zote. Mkonga wa kanda ukikatika, taa yake inageuka nyekundu na saa inaanza kuhesabu. Taa ikirudi kijani, saa inasimama. Mkuu wa kanda ambaye saa yake inasimama mapema husifiwa kwenye kikao, na ambaye saa yake inachelewa huulizwa maswali ambayo majibu yake hayapo.

Sasa ile taa haikuwa inamwangalia mteja. Ilikuwa inaangalia mtambo mmoja tu uliowekwa nyuma ya ofisi yetu, na mtambo huo ulikuwa unakula uzi mmoja katika nyuzi zote za mkonga, uzi wa buluu, wa kwanza kabisa. Binadamu ni kiumbe mwerevu. Haikuchukua muda mtu akagundua kwamba ukiunga uzi wa buluu kwanza, taa inawaka kijani, saa inasimama, na mji mzima unaweza kukaa gizani hadi jioni bila kumsumbua mtu yeyote kwenye kikao. Ningependa kusema kwamba huo ulikuwa ujanja wa mkuu wetu peke yake, lakini nilipokwenda semina niliona kila kanda ina uzi wake wa taa na kila fundi anaujua kama anavyojua jina la mama yake. Tuliuita hivyo hivyo, uzi wa taa. "Anzeni na uzi wa taa," mkuu angesema, kwa sauti ya mtu anayesema anzeni kwa bismillahi.

Aliyeumia ni mteja anayepiga simu kulalamika. Msichana wa huduma kwa wateja, ambaye maskini hakuwa mwongo, angetazama kioo chake, aone kijani, amwambie kwa upole kwamba kwetu inaonyesha upo hewani, tafadhali zima kisanduku chako, subiri kidogo, washa tena. Watu wa Bagamoyo wamezima na kuwasha visanduku vyao vya intaneti mpaka vingine vimekufa kwa kuchoshwa.

Mkuu alikuwa pia na ramani. Aliipenda ramani hiyo kuliko picha ya harusi yake. Ilionyesha mkonga wetu ukitoka Dar es Salaam, ukipita Mapinga, ukiingia Bagamoyo. Halafu mkonga wa pili ukizungukia Chalinze, ukafika Msata, ukashuka kwetu kwa mlango mwingine. Duara kamili. Mmoja ukikatwa, mwanga unageuka wenyewe na kushika njia ya pili kabla mteja hajapepesa jicho. Kila mgeni aliyefika ofisini alionyeshwa duara hilo, hata wale waliokuja kuuza korosho.

Duara lilikuwa na ila moja. Nje kidogo ya mji, pale njia ya Msata inapoikaribia ile ya Mapinga, mkonga wa pili ulitakiwa ukatize kiwanja fulani. Balaa la viwanja lilianzia Mapinga, ambako kila mtu wa mjini anayetaka kulala mbali na kazi yake amenunua kipande, likaja likitambaa hadi kwetu. Kiwanja hicho dalali mmoja alikuwa amekiuza mara tatu: kwa mwalimu mstaafu, kwa askari, na kwa bibi mmoja wa ughaibuni aliyekijua kiwanja chake kwa picha tu. Kila mmoja alikuwa na karatasi zake, mawe yake ya mpaka na mlinzi wake. Wachimbaji walipokwenda kuomba ruhusa, mlinzi wa kwanza alikubali, wa pili akamfukuza wa kwanza, na wa tatu akawafukuza wachimbaji.

Basi wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa pwani hufanya akiiona kesi ya ardhi inakuja: wakazunguka. Wakaulaza mkonga wa pili ndani ya mtaro wa ule wa kwanza, bega kwa bega, kwa umbali wa viwanja kadhaa, kisha wakautoa tena ng'ambo ya pili. Ramani haikuguswa. Ofisini likabaki duara, ardhini wakawa watu wawili waliolala kitanda kimoja, kunguni akija anawala wote. Mafundi sote tulijua. Mkuu naye aliambiwa, akajibu kwamba hilo ni suala la awamu ya pili. Awamu ya pili ni mahali ambapo kila kisichotakiwa hupelekwa, wala sijapata kukutana na mtu aliyerudi kutoka huko.

Mtaa wa nyuma ya kwetu kulikuwa na familia yenye asili ya Omani, watu ambao wamekuwa wakiuza misumari, kamba na rangi hapa Bagamoyo tangu enzi za babu zao. Mzee wa nyumba hiyo ndiye aliyenifungia kamba ya mbuzi wangu wa kwanza nilipokuwa mdogo. Alipima kamba kwa mikono yake mwenyewe, pima baada ya pima, na alikuwa na mikono mirefu, ndiyo maana wavuvi wa hadi Saadani waliyapita maduka mengine yote kwenda kwake. Alikuwa mkali na mnung'unikaji, na mteja akiondoka na kamba iliyozidi alimfuata na manung'uniko hadi mlangoni, lakini hakupunguza.

Mwaka huo moyo wake ulianza kumsumbua. Ndugu wakamchukua kwenda Maskati kutibiwa, na huko ikaamuliwa apasuliwe. Binti yake alikuwa tayari ameposwa, na siku ya ndoa imeshapangwa, Ijumaa, baada ya sala. Siku ya kisu nayo ikaangukia Ijumaa hiyo hiyo. Mdogo wake mzee, ambaye watoto wa nyumba ile humwita ami, akasema hapana tabu, kaka ampe yeye uwakala, yeye ataozesha. Mzee akajibu kwa simu kutoka kitandani, na jibu lake likazunguka mtaa mzima.

"Mali namtuma mtu akaniuzie," alisema. "Binti yangu simtumi mtu."

Alikuwa anakwenda kulala bila kujua kama ataamka, na kitu alichokitaka kabla ya hapo kilikuwa kimoja: amwozeshe binti yake kwa kinywa chake. Madaktari wakakubali kumwacha hadi alasiri. Shekhe naye akakubali kwa sharti, kwamba mzee aonekane uso na kinywa, kwa video, mbele ya watu wanaomjua. Sauti peke yake aliikataa. Alisema siku hizi sauti za watu zinatengenezwa kama mikate, na yeye hafungi ndoa ya mkate.

Kisanduku cha intaneti cha nyumba ile nilikifunga mimi. Mama wa nyumba, mke wa mzee, aliniita nikague kila kitu wiki moja kabla. Mkuu aliposikia, akafurahi kuliko bwana harusi. Alikuja mwenyewe, amevaa fulana ya kampuni, akamwonyesha mama duara lake kwenye simu, akasogeza kidole kutoka Mapinga hadi Msata.

"Mama, hata mmoja ukikatwa, hutajua," alimwambia.

Mama akanigeukia mimi niliyekuwa juu ya ngazi, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema inshaallah. Kwetu neno hilo lina namna mbili za kutamkwa, na mama ni mtu wa Bagamoyo, alinitazama kwa muda mrefu kidogo. Lakini mkuu alikuwa mgeni wake, na mgeni haambiwi mwongo sebuleni, kwa hiyo akaagiza juisi ya ukwaju tukanywa.

Ijumaa ikafika, na asubuhi yake kilifika pia kijiko cha kuchimba kwenye kile kiwanja, maana dalali wetu hakuwa amestaafu. Alikuwa amempata mnunuzi wa nne. Huyu hakuwa mtu wa kesi, alikuwa mtu wa vitendo, akaanza na shimo la choo, nje kidogo ya mpaka, juu ya mtaro wetu. Jino la kijiko likashuka, likapanda na mikonga yote miwili, ikiwa imening'inia kama tambi.

Bagamoyo yote ikazima. Hapo ndipo wale wanaojigamba kuwa wana laini mbili, kwamba moja ikikataa wanatumia nyingine, walipojua kuwa minara yao ilikuwa inachota kisima kimoja. Mtandao mmoja tu wa simu ulibaki, wa sauti peke yake, nao ulikuwa unakwaruza.

Tulipofika shimoni tulikuta kumeshakuwa na baraza. Walinzi watatu, ambao hawajawahi kukubaliana jambo, walikuwa wameungana dhidi ya mnunuzi wa nne. Mtendaji wa mtaa alikuwepo kusuluhisha. Vijana wa chuma chakavu walikuwa wameshakata kipande cha mkonga kutafuta shaba, wakakuta kioo, na sasa walikuwa wanatutukana sisi kwa kuwadanganya. Nikashuka shimoni, nikashika ncha, nikaanza kumenya.

Mkuu akaja na gari, amevaa kizibao kipya cha kung'aa, akapiga makofi mara mbili. Kabla ya yote, picha. Utaratibu wa kampuni ulitaka picha tatu zitumwe kwenye kundi la wakubwa: ya kabla ya kazi, ya wakati wa kazi, na ya baada ya kazi, na katika zote mafundi wawe na kofia ngumu na nyuso za watu wanaojituma. Nikatolewa shimoni nikavalishwa kofia. Tukapigwa. Mkuu akatazama simu yake, akabonyeza, akabonyeza tena, akainyanyua juu kuelekea mbinguni. Picha haikwenda. Sote tulijua kwa nini haiendi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Basi akampa dereva ile simu na kumwagiza aiendeshe kuelekea Mapinga mpaka aupate mtandao, azitume picha, arudi. Dereva akawasha gari akaondoka. Ndani ya gari hilo yalikuwemo maboksi ya kufungia maungio, spiriti ya kusafishia nyuzi na meza yangu ndogo ya kazi. Nilipiga kelele, lakini alikuwa mtiifu, alishaambiwa haraka. Tukakaa ukingoni mwa shimo, mafundi wawili wenye kofia ngumu, tukingoja gari lililokwenda kuwathibitishia wakubwa kwamba tunafanya kazi. Mnunuzi wa nne akatuuliza kwa nini hatuendelei. Nikamwambia tunaendelea, ila huku hatuonekani, tunaonekana Dar es Salaam.

Gari liliporudi mkuu alikuwa anaitazama saa kuliko anavyoutazama mkonga. "Anzeni na uzi wa taa," akasema. Nikaunga uzi wa buluu. Mwenzangu akampigia mlinzi wa ofisi kwa ile simu ya kukwaruza, mlinzi akachungulia kwenye mtambo, akasema naam, inapumua. Mkuu akapiga makao makuu. Nilimsikia akicheka kwa heshima, kile kicheko cha mtu anayesifiwa na mkubwa wake. Ilikuwa saa saba, adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshapita, na nyuzi zote zilizobaki, za minara, za hoteli, za benki, za mitaa, zilikuwa bado zinaning'inia kwenye udongo wa shimo la choo. Kwenye kioo cha makao makuu Bagamoyo ilikuwa kijani.

Akatupa utaratibu wa nyuzi zinazofuata. Minara, sawa. Halafu hoteli zenye semina. Halafu ofisi. Mitaa mwisho. Mtaa wa nyumba ya ndoa ulikuwa kwenye fungu la mwisho kabisa, la kahawia. Nikamkumbusha habari ya mzee wa Maskati. Akasema anakumbuka, na kwamba tusichanganye kazi na hisia. Nikaendelea na minara huku nikitukana kimoyomoyo, na kutukana kimoyomoyo hakuharakishi uzi hata kidogo.

Nilikuwa nimefika kwenye hoteli ya kwanza nilipoona bodaboda inakatiza vichaka, na juu yake amekaa bwana harusi. Joho jeusi lenye nakshi, kilemba, jambia kiunoni, viatu mkononi ili visichafuke. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mtaratibu sana. Alishuka, akawaamkia wazee wote waliokuwepo, mmoja mmoja, kisha akaja ukingoni mwa shimo.

Akasema watu wamekaa, shekhe amekaa, na mzee yuko kitandani Maskati na simu imeshikwa mbele ya uso wake na mpwa wake, anangoja. Mama wa bibi harusi amepiga huduma kwa wateja. Wamemwambia mtandao upo, tatizo ni kisanduku chake. Amekizima amekiwasha. Amepiga tena. Wamemwambia kuna tundu dogo nyuma yake, achukue kitu chenye ncha abonyeze ahesabu kumi. Amechomoa pini ya ushungi wake akabonyeza, na bado hakuna kitu.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "wanasema mmeshatengeneza. Ni kweli?"

Kabla sijajibu, mkuu akamwambia mfumo unaonyesha huduma imerejea. Bwana harusi akazitazama zile nyuzi zinazoning'inia, akamtazama mkuu, akazitazama tena nyuzi. Nilimwona akilipiga hesabu lile jambo, na hesabu yenyewe ikakataa. Ukimya wake ndio ulionipandisha hasira, maana angetukana ningekuwa na wa kugombana naye.

Nikaliacha fungu la hoteli, nikashika la kahawia. Mkuu akaniuliza nafanya nini, akaniambia kuna utaratibu.

"Utaratibu umeshakuwa kijani, bosi," nikamwambia. "Hauumwi tena."

Akasema tutazungumza ofisini. Nikasema vyema. Uzi wa kwanza niliuvunja kwa papara. Kioo hakijui kuwa una hasira, kinakatika tu. Nikakata tena, nikamenya tena, nikasafisha tena, upepo ukaleta vumbi, mashine ikakataa muungo, nikarudia. Bwana harusi alisimama pale na joho lake akinikinga upepo. Uliposhika, nilimwambia panda pikipiki, nami nikapanda nyuma yake na matope yangu, kwa kuwa nilitaka kuona kwa macho yangu. Jua lilikuwa limeshalalia upande wa alasiri.

Sebule ilikuwa imejaa wanaume. Pilau ilikuwa inanukia hadi njiani, nayo ilikuwa imepoa. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa zake zote, kwa kuwa visanduku vyetu hujipanga vyenyewe mwanga ukirudi, hata vikibonyezwa pini. Ami alikuwa anapiga video. Kioo kikubwa kilichotundikwa ukutani kikatoa weusi, kikatoa mduara wa kuzunguka, kisha picha ikaja, safi kabisa. Sijapata kuona picha safi kama ile katika kazi yangu yote.

Kilikuwa kitanda kitupu, kimetandikwa.

Kisha mpwa wa mzee akaingia kwenye picha. Alisema wameshamchukua, muda si mrefu. Alisema mzee alikataa kuiweka simu chini, akaishika mwenyewe hadi mlangoni, akiitazama, na walipomwambia sasa basi, akasema ami aozeshe. Shekhe akauliza mara mbili kama maneno hayo yalikuwa ya mzee mwenyewe. Mpwa akaapa. Ami akakaa mbele ya bwana harusi, akashika mkono wake, ndoa ikafungwa. Wanawake walipiga vigelegele, lakini vilikuwa vya kuhesabika.

Mzee hakuamka. Walimzika huko huko Maskati, na Bagamoyo tukakaa matanga.

Jioni ile ile ya ndoa, wateja wote wa mji walikuwa wamepata ujumbe kwenye simu zao: Ndugu mteja, huduma yako ilikatika leo na ikarejeshwa saa saba mchana. Haraka yetu ina baraka. Je, umeridhika? Jibu moja kwa ndiyo. Mimi niliufuta bila kuusoma hadi mwisho. Sikufikiri kwamba kuna mtu ataamini.

Siku ya tatu ya matanga nilikwenda baada ya kazi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani, kahawa inazunguka. Mkuu wetu alikuwepo, kaleta mfuko wa sukari, kakaa mahali pazuri. Karibu naye ami alikuwa anawaeleza waliofika kutoka Tanga mkasa mzima, kwa nini kaka yake hakumwozesha binti yake. Alisema mtandao ulikuwepo tangu saa saba, kampuni yenyewe imeandika, ila shemeji alikichezea kisanduku. Akaonyesha kwa vidole namna mtu anavyochomeka pini. Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Watu wa Tanga wakatikisa vichwa. Mkuu akakitazama kikombe chake.

Binti, yule bibi harusi, akatokeza akaniambia mama ananiita. Mama alikuwa ameshaingia eda, kwa hiyo nilisimama ukumbini mbele ya pazia la mlango wa chumba, naye akazungumza kwa ndani. Nikampa shikamoo na pole. Akaitikia marahaba. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mwanangu, nakuuliza kitu kimoja, na usinijibu kwa kunihurumia. Saa saba mtandao ulikuwepo?"

"Haukuwepo, mama."

"Ujumbe umesema ulikuwepo."

Nikamweleza. Kwamba kilichowaka saa saba ni taa ya wakubwa, kwamba uzi wa taa huungwa kwanza, na mkono uliouunga ni huu wangu. Kwamba uzi wa mtaa wake ulikuwa bado umening'inia shimoni, mkwe wake aliuona. Kwamba yule msichana wa simu alikuwa anaisoma taa, hakuwa anaiona nyumba yake.

Halafu akauliza, polepole zaidi: "Na ile pini?"

"Hata ungekipiga nyundo, mama. Hakukuwa na kitu ndani ya waya."

Pazia lilitikisika kidogo, nadhani alikuwa amelishika.

"Haya unayoniambia mimi hapa, nje hawayasikii," akasema. "Nje nimemnyima mume wangu haki yake kwa pini ya ushungi. Kayaseme huko."

Nikatoka. Sikukaa kwenye mkeka, nilisimama mlangoni na viatu vyangu mkononi, nikayasema yote kwa sauti ya mtu wa mnada wa samaki, kuanzia mtaro mmoja wenye mikonga miwili hadi uzi wa buluu. Mkuu akainua uso, akaniambia taratibu, fundi, hapa ni msibani. Nikamwambia ndiyo maana nayasemea hapa. Kampuni ile siko nayo tena, na sikuwa nimetarajia kuwa nayo. Ami alikiweka kikombe chini. Watu wa Tanga wakamgeukia yeye, kisha wakamgeukia mkuu.

Ndipo ndani, nyuma ya pazia, mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepata habari ya msiba muda ule ule. Binti yake aliniambia baadaye kwamba tangu simu ya Maskati ilipoingia hakuwa ametoa chozi. Alikuwa amekaa tu, ameshika simu, anausoma ule ujumbe wa saa saba.